Tanga Lililopigwa Wanga

Kabla sijaona kitu, nilisikia. Pa. Kimya. Kisha pa-pa, kama mtu anayekung'uta shuka zito lililolowa, ng'ambo ya ukuta wa jirani yangu hapa Bunju. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nilijua jirani anamwoza binti yake Jumamosi, nilijua vijana wa kukodisha viti na maturubai wangefika asubuhi hiyo, na hata hivyo mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Ilikuwa sauti ya kitambaa kinachogombana na upepo, na kwangu mie sauti hiyo ina chumvi, ina harufu ya muhogo uliochujwa, na ina mgongo wa mama yangu, amesimama, amefungwa kwa kanga kwenye mlingoti.

Nikatoka kutazama. Turubai lenyewe lilikuwa la plastiki, halina mshono hata mmoja, vipande vyake vimegandishwa kwa moto kiwandani. Nikarudi ndani, lakini mchele ule sikuumaliza. Keti, rafiki yangu. Acha nikusimulie siku niliyokwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi.

Tuliishi Temeke, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mama na mie. Baba alifariki kabla sijajua kutamka jina lake. Mama alitoka kusini, upande wa Newala. Aliletwa mjini akiwa mke, akabaki mjane mwenye cherehani ya mkono. Akiwa barazani alishona sare za shule, na hakuna aliyemshinda. Nyie mliosoma miaka ile mnakumbuka ukaguzi wa Jumatatu: kucha, nywele, kisha mwalimu anapita akivuta pindo la sketi yako kwa vidole viwili. Siri ya mama ilikuwa wanga. Alikuna muhogo, akauchuja kwa kitambaa, akaacha maji yatuame, kisha ule weupe uliobaki chini akaupika mpaka ukawa kama uji wa mgonjwa. Humo alichovya sare, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa. Kaptula iliyotoka mikononi mwake ingeweza kusimama mlangoni peke yake ikamsubiri mwenyewe aamke.

Nilipokuwa darasa la nne, balozi wa nyumba kumi alikuja. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa barazani, akanywa chai yetu, akatazama miguu yake. Wakati ule serikali ilitaka kila mkazi wa mjini awe na kazi inayojulikana. Asiye nayo arudi kijijini akalime. Balozi alieleza kwa aibu kwamba kushona barazani hakukuhesabiwa, maana hakuna kadi ya kazi. Mwisho wa mwezi angetakiwa kupeleka majina. Mama alimuuliza kijiji gani. Akatajiwa kimoja ambacho hakuna mtu wetu aliyewahi kukikanyaga, chenye shule ambayo ilikuwa bado haijaezekwa. Muhula ule nilikuwa wa kwanza darasani. Balozi alipoondoka mama hakulia wala hakulalamika. Alimalizia pindo alilokuwa nalo mkononi, akakata uzi kwa meno, akavaa viatu.

Kadi ilipatikana mahali pamoja tu kwa mtu kama yeye: ushirika wa mafundi cherehani. Ulikuwa katika banda refu la mabati lenye meza mbili. Meza ya sare ilijaa, hakukuwa na nafasi. Meza ya turubai, walikoshona mahema, vifuniko vya malori na matanga, ilikuwa na nafasi moja, lakini tangu banda lijengwe haikuwahi kukaliwa na mwanamke. Mwenyekiti, mzee wa Kipwani mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, alimsikiliza mama kwa heshima, kisha akamwambia turubai linataka mabega.

Kwa bahati siku ile ile, karani mmoja wa bandarini alikuwa amesimama hapo na furushi chini ya kwapa. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, amekulia kando ya Ziwa, mrefu na mwenye sauti ya kanisani. Bosi wake Mzungu aliporudi Ulaya alimwachia mashua yake ndogo ya matanga, nyeupe, yenye chumba cha watu wawili kujikunja. Bandarini waliiita yoti. Alichomwachia pia ni tanga lililoliwa na panya. Mafundi walikuwa na kazi za watu wakubwa na hawakutaka kusikia habari za kitambaa cha pembe tatu cha mtu wa kutembea baharini siku ya Jumapili.

Mama akasema, nipeni mimi.

Watu wa meza ya turubai walicheka, na nadhani mwenyekiti alikubali ili kicheko kile kiishe. Akatoa sharti mbele ya wote: "Tanga liende Mbudya, lirudi, lisituaibishe. Ukifanya hivyo, nafasi ni yako. Na desturi unaijua?"

Mama hakuijua. Akaambiwa. Tanga jipya halitoki pwani bila fundi wake. Siku ya kwanza fundi hukaa chini ya kazi yake, likipasuka, linampasukia. Mama, ambaye bahari yake yote ilikuwa pantoni ya kwenda Kigamboni, tena akiwa amefumba macho, alisema sawa.

Alilitandaza lile tanga bovu kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu, maana ilikuwa likizo, akaweka mawe kwenye pembe tatu. Penye tundu la panya alikisia. Alitambaa kwa magoti kulizunguka akichora kwa mkaa juu ya kitambaa kipya cha marekani nzito, huku akifukuza mbuzi. Siku kumi na mbili cherehani ililia barazani, ikivunja sindano. Alipomaliza, alilitazama akaona limelegea, lina mikunjo, halina adabu. Akafanya alichofanya siku zote kwa nguo ya kupeleka mbele za watu. Alilipiga wanga.

Usicheke bado. Ngoja.

Jumapili ile tulifika Kurasini kweupe. Nilikuwa nimeuliza kwa nini nisibaki kwa jirani, na mama alinijibu huku akinifunga vifungo vya gauni: "Ukibaki utahadithiwa na watu. Bora uone mwenyewe." Alikuwa na kikapu cha mihogo ya kuchemsha, maandazi na chupa ya chai ya tangawizi. Yoti ilikuwa imetulia kwenye mkono wa bahari, kandokando ya mikoko, ikinuka rangi na matope. Karani alitupokea mmoja mmoja kama mtu anayepokea vyombo vya udongo. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, kofia safi, kanzu ameikunja mpaka magotini.

Tanga lilipopandishwa lilitoa mlio ambao sijausikia tena: lilikwaruza, likalia kama gazeti kubwa linalofunguliwa. Lilikuwa jeupe la kuumiza macho na limenyooka wima kama ubao. Mwenyekiti alinyoosha mkono akalibonyeza. Akalibonyeza tena. Kisha akamgeukia mama taratibu.

"Bibie, hili umelipiga nini?"

"Wanga, Ndugu Mwenyekiti."

"Wanga." Alikaa chini. "Umetushonea tanga au kaptula ya skauti?"

Alicheka mpaka akakohoa. Karani naye alicheka, ila akajitahidi kugeuza kicheko chake kiwe cha asubuhi njema. Mama alikaa chini ya tanga lake, mgongo umenyooka, akaniambia nimpe kikapu.

Lakini tulikwenda, rafiki yangu. Tulipita chini ya meli kubwa zilizofungwa gatini, zenye kutu iliyoteremka kama machozi, mabaharia wa nchi zisizojulikana wakatupungia. Tulipita pantoni, tukatoka kwenye mlango wa bandari, na hapo upepo wa kusi ukatushika mgongoni ukatusukuma kuelekea kaskazini. Bahari ilikuwa na rangi ambazo sikuwa nazo kwenye penseli zangu. Mji wote ukajigeuza tuuone kwa nyuma, kama mtu anayetazamwa bila kujua: minara, minazi, mabati, moshi wa Jumapili. Tanga gumu la mama lilikuwa likivuta. Karani alisema, kwa mshangao wa kweli, kwamba linavuta vizuri. Mama alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, lakini sikio lake nililiona limesikia.

Tulipita Msasani, tukakiacha kisiwa cha Bongoyo. Mbele yetu, nchi kavu, kilima cha Wazo kilionekana kimeliwa upande mmoja, cheupe kwa vumbi la saruji, na karani akanifundisha kukishika kwa jicho: ukikiona kimekaa hapa, Mbudya iko pale. Nilijiona nahodha. Mwenyekiti, ambaye baba yake alishona matanga, alianza kunihadithia jinsi wazee walivyopima kitambaa kwa kukinyoosha kati ya pua na kidole, na kwa muda alisahau kwamba alikuja kushuhudia aibu.

Mbudya tulitia nanga saa nne hivi. Tulikula ufukweni, mchanga mweupe kama unga, mihogo ikiwa bado na joto kidogo. Nilikimbiza kaa. Mama alikunywa chai, akatapika, akanywa tena. "Nusu imekwisha," alisema, akijiambia mwenyewe.

Nusu rahisi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Kurudi, upepo ulikuwa usoni. Yoti haiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Huenda upande, hugeuka, huenda upande mwingine, kama mtu anayepanda mlima kwa kuzungukazunguka. Ililala ubavu. Kila wimbi lililovunjika mbele lilirusha maji juu, na maji yale yakaanza kulilowesha tanga.

Wa kwanza kuona nilikuwa mie. Tone lilianguka juu ya goti langu. Lilikuwa jeupe. Nikaligusa, likanata. Kisha jingine, begani kwa karani. Kisha tanga zima likaanza kutoa uji. Ulichuruzika kwenye mishono, ukapeperushwa na upepo, ukatupiga usoni. Ukaingia kwenye nywele, kwenye chupa ya chai, kwenye usukani mpaka mkono wa karani ukawa unateleza. Mwenyekiti alipigwa ndevuni. Alijifuta, akatazama kiganja chake, na safari hii hakucheka.

"Mama," alisema, "wewe umetupikia."

Uji ule ulipokwisha kutoka, likabaki tanga lenyewe, na lilikuwa tanga jingine. Marekani ilikuwa imerudi, imejikaza, na nyuzi za cherehani, zilizonyooshwa pamoja na kitambaa kilipopigwa wanga, hazikuwa na pa kwenda. Tulisikia tak. Kisha tak, tak, tak. Katikati, mshono mmoja ulianza kufunguka, shubiri moja, kisha mbili, na mwanga wa mbingu ukaonekana kati ya vipande viwili vya kazi ya mama yangu. Pa, likapiga. Pa-pa.

Mwenyekiti aliongea sasa kama mtu wa kazi. Alisema literemshwe lote kabla halijaisha. Kulikuwa na boti ya wavuvi yenye injini upande wa Msasani, itavuta. Hakusema kwa ubaya. Lakini hata mie, mtoto wa darasa la nne, nilielewa kwamba tanga linalorudi limekunjwa, mashua ikivutwa kwa kamba kama mbuzi, halijarudi. Niliona kile kijiji. Niliiona ile shule isiyo na paa.

"Literemshe nusu," mama akamwambia karani. "Nusu tu, mshono unifikie."

"Mama, mashua inalala. Utaanguka."

"Nifunge."

Alivua kanga ya juu, akampa. Karani alinitazama mie, sijui kwa nini mie, halafu akanikabidhi usukani, akaniambia nikitazame kilima nisitazame kitu kingine, akaenda kumfunga mama yangu kiunoni kwenye mlingoti. Kwa hiyo sehemu ya yale nitakayokwambia niliyaona kwa pembe ya jicho tu, na iliyobaki niliijenga baadaye kutokana na maneno yao.

Mama alichomoa sindano kubwa kutoka kwenye kilemba chake. Aliomba uzi wa kuvulia, ule mshipi mnene uliokuwa kwenye kisanduku cha karani. Akaanza. Kila wimbi lilimgonga kwenye mlingoti, lilimnyanyua, lilimrudisha. Alitapika pembeni mara mbili bila kuiachia sindano. Mwenyekiti alikuwa akimpigia kelele kutoka nyuma, akimwelekeza: kunja, pandanisha, piga mara mbili, kaza. Ndivyo turubai linavyoshonwa. Mama hakupandanisha wala hakukaza. Aliziweka kingo mbili zikatazamana, akapitisha mshipi juu ya hii, chini ya ile, akaacha nafasi, akarudi. Mwenyekiti akatambaa kwa magoti na kanzu yake mpaka mlingotini, akatazama kwa karibu, na bila kuambiwa akashika kingo zote mbili kwa mikono yake ili mama ashone.

Ulikuwa mshono wa mkeka. Ule unaounga ukili na ukili, ile mikanda ya ukindu iliyosukwa, mshono ambao bibi yangu kule kusini alimfundisha mama kabla hajamfundisha kupika. Mkeka hukunjwa, hutandikwa, hukaliwa na watu wazito, hukunjwa tena, na maungio yake hayakatiki kwa sababu hayabani, yanafuata. Bibi alikuwa akisema kwamba mshono ni kama mke mwenza, ukimbana sana atakukimbia na nusu ya nyumba. Kushona mikeka ilikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo kwenye meza ya turubai hakuna aliyeujua.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba kilima kilisogea kutoka bega langu la kulia mpaka mgongoni, na nilipaswa kugeuza shingo. Mama aliposema "Pandisha," sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Tanga likapanda. Lilikuwa na kovu refu la kijani katikati, mshipi ulikuwa wa kijani, na upepo ulipoingia lile kovu lilifunguka kidogo, likapumua, likajifunga. Halikupiga tena. Lilijaa, kwa mara ya kwanza siku ile, kama shavu la mtu anayepuliza moto.

Tuliingia bandarini saa kumi na moja, tukiwa wote na madoa meupe yaliyokauka, kama watu waliotoka kupaka nyumba chokaa. Pale Kurasini mwenyekiti alishuka wa kwanza, akasimama kwenye ngazi ya mawe, akatungoja. Mama alishuka akiyumba. Hakukaa.

"Limepasuka," mwenyekiti akasema.

"Limepasuka," mama akakubali. "Na limerudi."

"Mie sikukwambia lipasuke."

"Hukuniambia lisipasuke, Ndugu Mwenyekiti. Ulisema liende Mbudya, lirudi, lisituaibishe. Basi niambie nani kaaibika."

Mzee alikwangua doa la wanga ndevuni kwa ukucha, akalitazama. "Mie," alisema. "Nimelishwa uji bila kuumwa."

Karani ndiye aliyeanza kucheka, na mzee akamfuata, lakini mama hakucheka. Alikuwa anangoja. Mzee aliona anangojwa. Akalitazama tanga lililokuwa likikunjwa, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya fundi kwa fundi, ule mshono unaanzia wapi, juu au chini, maana hakuona mwanzo wake.

"Nitakuonyesha," mama akasema. "Mezani."

Yule mzee akasema Jumatatu, saa moja, asichelewe, na kwamba asithubutu kuleta muhogo kwenye meza yake.

Leo nikipita Kurasini siwezi hata kukuonyesha mahali penyewe. Mikoko imekatwa, makontena yamepangwa juu ya makontena, na malori yanasubiri zamu yakinguruma pale tulipofungia yoti. Karani alihamishiwa bara. Mashua yake ilibaki matopeni mpaka mlingoti tu ukawa unaonekana, kisha hata huo ukapata mtu wa kuutia kwenye paa lake. Banda la ushirika sasa ni duka la vipuri. Ilikuja mitumba, yakaja maturubai ya plastiki, na wanaume wanane waliojifunza mshono wa mkeka kutoka kwa mama yangu walitawanyika, kila mmoja na sindano yake. Mama aliketi kwenye meza ile mpaka macho yalipomkatalia. Siku hizi hakuna mtoto anayekwenda shule akiwa amesimama ndani ya nguo iliyosimama. Mie mwenyewe ule mshono sikuujua. Mama alinikalisha mara kadhaa, nami nilikuwa na haraka ya vitabu. Alipokuwa hayupo tena wa kunionyesha, nilikaa na vipande viwili vya kitambaa na mshipi, nikajaribu mchana kutwa, na unanikatalia palepale: siujui mwanzo wake.

Jumatatu ile aliamka kabla yangu. Nilijifanya nimelala, nikamtazama kwa jicho moja. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa mshipi, akavipaka mafuta ya nazi, akavifuta. Alikunywa chai amesimama. Alichagua sindano tatu, akazichomeka kilembani, akabadilisha mawazo, akaongeza ya nne. Kisha akasimama karibu na kitanda changu, na kwa kuwa alijua naisikia kila pumzi yake, alisema muhogo uko kwenye sufuria, nisichezee moto, na mtu akiuliza mama yako yuko wapi nimjibu yuko kazini. Nikasema ndiyo, mama. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.